Chakula cha Barabara ya Rusumo

Hapa kwetu Niboye hakuna mtu aliyewahi kumwona Eustache Habimana akitafuna. Kunywa walimwona, maana kinywaji ni cha watu. Kwenye harusi alikaa na wazee, mrija mdomoni, akavuta pombe ya ndizi zamu yake ilipofika, akazungumza na kucheka mpaka jua likachwa. Lakini chakula kilipoletwa aliinuka taratibu, akasema anakwenda kuangalia gari lake, na hakurudi mpaka sahani zimeondolewa. Wageni wa mtaa walidhani ana maringo. Hakuwa nayo. Alikuwa seremala, mtu wa vumbi la mbao na misumari, ila alikuwa amelelewa na babu yake huko Nyanza, na babu huyo alimfundisha kwamba mtu mwenye heshima hafungui kinywa kwa ajili ya tonge mahali ambapo njia inapita.

Babu yule alikuwa na akili. Leo ukipita kituo cha mabasi cha Nyabugogo utawaona vijana waliovaa tai wakimenya ndizi huku wanatembea, mbele ya mchukuzi ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana. Wahenga waliojificha wakati wa kula hawakulionea haya tumbo. Walimhurumia asiye nacho. Desturi hiyo ni njema, na anayeidharau hajui anachokidharau. Lakini dawa nayo ina kipimo, na Eustache alizidisha. Alijificha hata nyumbani kwake. Alikula peke yake chumbani, mlango umefungwa, na mtoto mmoja akaingiza sahani na kuitoa. Mkewe Donatille alikula jikoni na watoto. Waliishi hivyo miaka ishirini na miwili, kwa amani, bila hata kikombe kuvunjwa kwa hasira.

Kisha Liliane, binti yao wa mwisho, akaolewa, na nyumba ikawa kimya. Sasa Donatille alibeba sahani mwenyewe hadi mlangoni, akaiweka juu ya kigoda, akarudi jikoni kwenye sahani yake. Watu wawili, nyumba moja, na ukuta katikati. Jioni moja ya Juni, mwaka 1990, alirudi akasimama nyuma ya mlango ule.

"Baba Liliane."

Eustache alimeza kwanza, kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa. "Naam."

"Wewe ulipeleka viti vya kanisa kule mashariki, ukaona maporomoko ya Rusumo. Ukaona viboko. Mimi nimeona Rwamagana tu, tena kwa mazishi."

"Unataka nikupeleke?"

"Nataka unipeleke. Na nataka kitu kimoja zaidi. Huko njiani tule pamoja, kikapu kimoja, mimi na wewe, nikikutazama. Nimekupikia tangu nikiwa msichana, na sijawahi kukuona ukila chakula changu."

Nyuma ya mlango sahani ikawekwa chini.

"Sawa," akasema Eustache.

"Kwa neno lako?"

"Kwa neno langu."

Inafaa kueleza neno la Eustache lilikuwa na uzito gani. Aliwahi kuubomoa mlango mzima wa kasisi, ambao ulikwisha kupakwa rangi, kwa sababu alikuwa amesema ni mvule mtupu na akagundua fundi mwenzake alitia ubao mmoja wa mti mwingine. Kasisi alimwambia haidhuru. Eustache akajibu, "Baba, wewe haikudhuru. Mimi inanidhuru." Kwa hiyo Donatille alipolipata neno lile alirudi jikoni akala viazi vyake akitabasamu, na Eustache alibaki chumbani akiwa ameahidi mambo mawili yasiyokaa pamoja: kula barabarani, na kubaki mtu wa heshima.

Waliondoka Jumamosi moja ya Julai, wakati wa kiangazi, kabla ya vita kuifunga mbuga ya Akagera. Pikapu yake kuukuu, iliyozoea kubeba mbao kutoka Nyabugogo, ilikuwa imeoshwa mpaka majirani wakauliza kama inauzwa. Donatille alivaa kitenge cha harusi ya Liliane. Mapajani alipakata kikapu: kuku wa kukaanga, ndizi za kupika, maharage, isombe yake ya majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuungwa kwa karanga, na chupa ya chai ya maziwa.

"Umeshonea kikapu kitambaa?" Eustache aliuliza.

"Ili chakula kisikuone," Donatille akajibu.

Kituo cha kwanza kilikuwa karibu kabisa, kwenye bonde la Masaka, pale mashamba yanapoishia na mafunjo yanapoanza. Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujanyanyuka wote. Mafunjo yalisimama marefu kuliko mtu, vichwa vyake kama nywele za mtoto aliyeamka sasa hivi, na korongo wawili wenye taji walikuwa wakitembea pembezoni mwa maji kama bwana na bibi harusi. Donatille alisimama akawatazama mpaka viatu vikaanza kuzama.

"Hapa," alinong'ona Eustache. "Humo ndani hakuna anayetuona."

Wakapenya. Eustache alitangulia akiyatenga mafunjo kwa mikono, Donatille akafuata na kikapu kichwani. Wakapata mahali pakavu kidogo, padogo kama kitanda. Wakakaa. Donatille akafungua kitambaa, harufu ya kuku ikapanda, Eustache akanyoosha mkono.

"Muraho!" ikasalimu sauti.

Vichwa viwili vya wanawake vilikuwa vimechomoza kati ya mafunjo, hatua chache tu kutoka hapo, miundu mikononi. Walikuwa wakikata mafunjo ya kusukia mikeka, nao walikuwa humo tangu alfajiri.

"Mmepotea, mzee?" akauliza mmoja.

Eustache alikuwa amekwisha kukifunika kikapu kwa kofia yake. "Hatujapotea. Tunaangalia mafunjo."

"Kwa kukaa chini?"

"Ndiyo," akasema Eustache, kwa sababu kweli walikuwa wamekaa chini na kweli aliyaangalia.

Wanawake wakatazamana. Yule wa pili akasema kwa upole, kama anayesema na mgonjwa, "Yaangalieni basi," wakaendelea kukata. Donatille aliuma ncha ya kitenge chake asicheke mpaka walipofika garini, na huko alicheka hadi Kabuga.

Walipita Rwamagana, wakapita Kayonza, migomba ikapungua, vilima vikaanza kulala chini, na kabla ya saa sita walikuwa langoni mwa mbuga ya Akagera. Hapo ndipo Eustache alipopata matumaini makubwa. Mbugani hairuhusiwi kushuka garini. Mbung'o ni wengi, kwa hiyo madirisha hufungwa. Hakuna shamba, hakuna njia ya miguu, hakuna jirani. Ni nani angewaona, isipokuwa nyati?

Alisahau kwamba kila gari huingia na askari wa mbuga.

Aliitwa Kalisa, kijana mrefu mwenye bunduki kuukuu, naye aliingia akakaa katikati yao, bunduki kati ya magoti. "Mzee, humu hapana kushuka," akasema. "Simba iko. Nyati iko. Madamu, funga dirisha sana, mbung'o iko mingi."

Dirisha likafungwa, na harufu ya kuku ikabaki ndani na watu watatu.

Lakini mambo waliyoyaona! Pundamilia walivuka barabara kwa foleni, wa mwisho akasimama akaitazama pikapu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Swala walikuwa wengi hata Donatille akaacha kuwaonyesha kwa kidole. Tembo mmoja alikuwa akivua mti maganda kwa utulivu, kama mama anayemenya muhogo. Walipofika ziwa Ihema, maji yalitanda mpaka kwenye mafunjo ya upande wa pili, kijani bila mwisho, na viboko walikuwa humo, masikio na macho tu. Kisha mmoja akaachama. Donatille akamwita Mungu wake kwa kelele, "Mana yanjye! Baba Liliane, hicho ni kinywa au ghala?"

"Huyo anakula usiku," akaeleza Kalisa. "Sasa anapiga miayo tu."

Kila kitu mbugani kilikuwa kinakula. Pundamilia walikula, swala walikula, tembo alikula, ndege walikula kupe mgongoni mwa nyati, wote mbele za watu bila haya hata kidogo, na ndani ya pikapu wanadamu watatu walikuwa wamekaa na kuku wa kukaanga wakimeza mate. Donatille alimwona kijana akikitupia kikapu jicho.

"Mwanangu, nikupe kipande? Umekuwa kazini tangu asubuhi."

Kalisa akajinyoosha. "Asante, mama. Mimi siwezi kula mbele ya watu."

Eustache alimtazama kijana yule kwa mapenzi ya baba, na wakati huohuo angetamani kumshusha hapohapo kwa simba.

"Umelelewa vizuri," alisema kwa huzuni.

Nyani ndiye pekee aliyekuwa tayari kula. Walipopunguza mwendo kwenye kona alirukia boneti, akabandika uso kwenye kioo, akakiangalia kikapu, kisha akamwangalia Eustache kama anayeuliza kama atakitumia au la. Donatille alicheka mpaka machozi. Lakini walipomshusha Kalisa langoni, Eustache aliona kwamba mkewe amekilaza kikapu miguuni, hakipakati tena.

Rusumo walifika alasiri. Kabla hujayaona maporomoko unayasikia kifuani. Mto Akagera unakuja mpana na mzito, rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa vilima vyetu vyote, halafu mawe yanaubana na ghafla hauna pa kwenda ila chini. Juu yake lipo daraja la kuingia Tanzania, na siku ile daraja lilijaa. Malori yalisubiri kwa msururu, madereva wamekaa kivulini mwa magurudumu; wabadilisha fedha, wachuuzi wa maembe, wanajeshi, watoto. Eustache alitazama mara moja tu akajua kwamba hapo hapaliki.

Donatille hakuwa akitazama watu. Alikuwa amekwenda moja kwa moja hadi kwenye kingo za daraja, na mvuke wa maji ulikuwa ukimpanda usoni.

"Mama, hapa hairuhusiwi kusimama," mwanajeshi akamwambia.

"Mwanangu, maji haya nimeyasubiri tangu hujazaliwa. Nisubiri na wewe kidogo."

Mwanajeshi akacheka, akageukia lori. Donatille alisema jambo, Eustache hakusikia kwa mngurumo. Alisema tena kwa sauti kubwa zaidi, hakusikia. Mwisho akaelekeza tu kidole kwenye upinde wa mvua mdogo uliosimama juu ya povu. Mbao za pembeni zilikuwa na utelezi, na Eustache akamshika mkewe kifundo cha mkono, kama mtu anayemshika mtoto asianguke. Walipokwenda garini alikuwa bado hajamwachia. Hilo nalo halikuwa la kawaida yake, ila hakuna aliyelitaja.

Wakageuza. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Donatille alikuwa na furaha ya kweli. Aliyarudia yote, kinywa cha kiboko, uso wa nyani, upinde wa mvua. Kisha akasema kwa sauti laini, "Si kitu, Baba Liliane. Tutakula nyumbani. Umejaribu."

Hakuna neno lingine ambalo lingemchoma zaidi. Angelaumiwa, angejitetea. Alikuwa amesamehewa, na mtu wa neno lake hapendi kusamehewa kwa neno alilolivunja. Nyumbani maana yake ilikuwa mlango, na ukuta. Alijua kwamba mkewe hataomba tena.

Karibu na Kirehe, mahali barabara inapopita kando ya shamba la migomba, alipunguza mwendo, akaitoa pikapu barabarani, akaielekeza pua kwenye migomba, akazima. Akashuka, akafungua boneti, akaiinua yote.

"Limekufa?" akauliza Donatille.

"Leta kikapu."

Boneti ilikuwa ukuta mzuri. Ukipita barabarani uliona gari lililoharibika na hukuona zaidi. Mbele yake, kwenye nyasi, kulikuwa na nafasi ya watu wawili. Donatille akatandika kitambaa, akapakua sahani moja, akaiweka katikati. Eustache alinawa kwa maji ya dumu la gari. Akafanya ishara ya msalaba. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua paja la kuku, na mbele ya macho ya mkewe akaling'ata.

Wakati huohuo breki zikalia barabarani.

Eustache alikuwa amesahau jambo moja kuhusu watu wetu: gari likiinua boneti, hakuna apitaye. Lilikuwa basi dogo lililotoka kwenye harusi Kirehe, na lilikuwa limejaa kwaya ya parokia yao wenyewe. Maneno, dereva, mzaliwa wa Nyamirambo asiyejua kunyamaza, alikuwa amekwisha kuruka chini na spana mkononi.

"Mzee Eustache! Nimeijua pikapu! Imekufa nini? Radieta? Pampu?" Nyuma yake wanaume wanne wa sauti nzito walikuwa wakipandisha mikono ya mashati. Kwenye madirisha vichwa vya kina mama vilijipanga, na cha mbele kilikuwa cha mama Gahongayire, kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye Niboye nzima humwogopa kuliko diwani.

Donatille aliona uso wa mumewe. Akafunika sahani kwa kitambaa, akainuka upesi. "Ni maji," akasema. "Maji ya radieta yali..."

"Mama Liliane, kaa," akasema Eustache.

Akameza. Kumeza huko kulisikika. Akasimama, mfupa mkononi, mafuta kidevuni, akatokeza kando ya boneti ambapo kwaya nzima ilimwona.

"Gari ni zima, Maneno. Asanteni kwa kusimama. Mimi na mke wangu tunakula."

Maneno aliitazama injini, akautazama mfupa, akatazama injini tena.

"Sasa mzee, boneti ni ya nini?"

"Nilikuwa najificha."

"Ayi! Umejificha kama tembo nyuma ya mgomba!"

Vicheko vikalipuka ndani ya basi, na hapo mama Gahongayire akapiga kofi ubavuni mwa gari mara moja tu. Vicheko vikakatika.

"Nyamazeni! Hamjawahi kuona mtu na mke wake? Maneno, rudi kwenye usukani wako, na hiyo spana kaifungulie mdomo wako wenyewe. Na ninyi mnaojaa madirishani, geukeni upande wa pili!" Kwaya yote ikageuka, visogo kwa mpangilio kama misani. Yeye peke yake hakugeuka. "Donatille, ni isombe hiyo ninayoinusa?"

"Ni isombe, mama. Karibuni wote."

"Hatukaribii. Hicho ni chenu." Akamtazama Eustache, kidevu chake na yote. "Muryoherwe, mzee. Mle vizuri."

Basi likaondoka. Lilipofika konani wakaanza kuimba, na wimbo haukuwa wa kanisani.

Sikuzote nimewafundisha watu kwamba aibu ni ua linalolinda shamba, na anayelibomoa ovyo atalia mbuzi wakiingia. Bado nasema hivyo. Lakini siku ile Eustache alikuwa na uongo mdogo tayari kinywani mwa mkewe, uongo ambao ungemlindia heshima yake yote, na hakuutumia. Babu yake wa Nyanza sidhani kama angemlaumu. Mtu akilazimika kuchagua kati ya kuonekana anatafuna na kusema uongo, na atafune.

Eustache alirudi kwenye boneti. Donatille alidhani anakuja kukaa. Badala yake akaishika kwa mikono miwili, akaishusha, akaifunga kwa kishindo. Barabara ikaonekana yote, nao wakaonekana wote. Akakaa tena mbele ya sahani, jua la jioni usoni mwake, lori la Tanzania likapita likapiga honi, na Eustache akainua mkono wenye mfupa kulisalimu.

Donatille alikuwa akimtazama. Alikuwa ameketi, mikono mapajani, bila kula, anamtazama tu: jinsi alivyomega ndizi kwa vidole vitatu, jinsi alivyoichovya isombe mara mbili kabla ya kuipeleka kinywani, jinsi alivyofumba macho kidogo.

"Isombe ni nzuri," akasema Eustache.

"Unaipenda?"

"Kuliko vyote."

"Mimi nilidhani ni maharage!" Akasogeza isombe upande wa mumewe, na katika kuisogeza akachukua firigisi ya kuku, ambayo kwetu haigawiwi mtu mwingine bali baba wa nyumba, akaiweka mbele yake kama alivyoiweka siku zote.

Eustache aliiangalia. Akaisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa sahani.

"Hiyo sili," akasema.

"Huli firigisi?"

"Sijawahi kuipenda. Ni ngumu kama raba ya gari."

"Baba Liliane! Kila kuku niliyemchinja! Watoto walililia firigisi nikawachapa mikono! Uliipeleka wapi?"

"Nilimpa mtoto aliyekuja kuchukua sahani. Alikula hukohuko nyuma ya mlango."

"Liliane?"

"Liliane zaidi."

Donatille alijishika kiuno, mdomo wazi kama yule kiboko wa Ihema. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini?" akasema Eustache. "Ulikuwa jikoni."

Donatille akaichukua firigisi, akaitazama pande zote mbili, akaila yeye.